Salamu za Barabara ya Nyantende

Asubuhi ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mkono wa kushoto wa gauni. Bibi arusi alikuwa ananingoja kijijini Nyantende, na mkono huo ulikuwa umekaa kombo kidogo karibu na bega. Niliuona wakati wa kupiga pasi. Nikajiambia kwamba nikifika mapema nitaufumua na kuushona upya kabla hajavaa.

Ni lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu za mama yangu na kutazama video kwenye simu, na labda ndiyo sababu kila mshono wangu naushuku. Naogopa siku mtu atakaposema, huyu hakusomea kazi hii. Basi nashona, nafumua, nashona tena. Na hilo lilikuwa gauni langu la kwanza la arusi.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mwenye pikipiki aliyenichukua Nyawera, mjini, alinishusha mbele ya tope. "Dada, moto yangu haiwezi kuogelea," akasema, akiigeuza pikipiki. Nikaanza kukimbia. Gauni nilikuwa nimelifunga katika shuka jeupe, nikalibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua ili lisijikunje.

Mbele yangu kulikuwa na wanawake watatu waliotoka sokoni, vitunga vya mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Walikuwa wanapumzika mahali ambapo ukingo wa barabara umeinuka, kitunga kikaegemea udongo bila kushushwa. Niliwapita mbio, bila hata salamu ya jambo.

Huku kwetu, mtu anayetoka mjini akikimbia kuelekea kijijini, wala hasalimii watu, amebeba habari ya kifo. Mimi pia nalijua hilo tangu utoto. Siku ile sikulikumbuka.

"Yesu wangu!"

Niligeuka. Mmoja wao alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kitunga kinamvuta upande, macho yake kwenye shuka jeupe mikononi mwangu.

"We dada, sema!" mwenzake akanipigia kelele. "Binti yake iko maternité tangu jana, anangoja kuzaa. Ni mutoto ndiye umebeba?"

"Hapana, mama! Hakuna mutu alikufa. Ni robe. Robe ya arusi."

Walilisogelea shuka. Kisha yule mzee kuliko wote akauliza taratibu, "Unakimbia hivyo juu ya robe?"

Nilifungua shuka wajionee gauni. Yule mama aliyeanguka alianza kucheka, halafu akalia, halafu sikujua tena anafanya lipi. Tulimtoa kitunga, tukamkalisha kwenye ukingo. Sikuweza kumwacha. Nilikaa kando yake na gauni mapajani, nikiona muda wangu wa kufumua unakwisha.

"Unisamehe, mama."

"Roho yangu ilikuwa tayari inakimbia mbele yako," akasema. "Simu nilimwachia binti. Nilienda soko kwa sababu kwa nyumba saa haitembei. Unaangalia ukuta, ukuta unakuangalia. Na wewe, saa yako inakimbia?"

"Inakimbia sana, mama. Kila siku."

"Basi tuchanganye. Yangu imesimama."

Tulicheka wote. Nikajikuta ninawaeleza watu nisiowajua mambo ambayo sijamwambia hata dada yangu: kwamba usiku nashona kichwani, kwamba mteja akinyamaza nadhani amechukia. Nikawaonyesha mkono wa gauni. Waliweka mikono yao nyuma wasiuchafue, wakainama kuangalia.

"Mimi sioni kitu," alisema mmoja. "Kwani bwana arusi anaoa mukono?"

Mzee alikawia zaidi. "Iko kombo," akasema. "Na iko muzuri."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinituliza kuliko sifa zote nilizowahi kupewa. Labda kwa sababu mtu alikuwa ameliona kosa langu, na dunia haikuanguka.

Nilimpa yule mama simu yangu, akampigia mkwe wake. Bado, mkwe akasema, lakini namba hii ataihifadhi. Mama akanielekeza nyumba yake, nyuma ya kanisa, ili nimpelekee habari zikija. Kisha tukatembea pamoja, mwendo wa mtu mwenye kitunga, tukimsalimia kila tuliyekutana naye.

Nilipofika, mashangazi wa bibi arusi walininyang'anya gauni mlangoni. "Tulidhani umeolewa wewe!" mmoja akanitania. Nafasi ya kufumua haikuwepo. Bibi arusi akalivaa vilevile, akainua mikono na kucheza, na mimi katika watu wote wale nilitazama bega moja. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Kila alipogeuka kushoto nilikaza meno.

Walikuwa wanapanga watu kwa picha simu yangu ilipolia. Alikuwa mkwe wa yule mama. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Nilitoka uani peke yangu. Miguu ilitaka kukimbia, na safari hii kwa furaha. Nikaizuia. Nilipita kanisa polepole, nikamsalimia kila mtu kwa sauti kubwa: wazee, wanawake kwenye mashamba ya maharagwe, hata mtu aliyekuwa juu ya paa anapigilia bati. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, anatazama njia. Nilianza kumsalimia, "Jambo, mama, jambo!" nikiwa bado mbali, mikono yangu nimeinyoosha wazi, ili aone kwamba sikubeba kitu.