Mstari Wenye Jina la Shen

Katika kampuni ile ya Hangzhou, kila nusu mwaka mmoja kati ya wafanyakazi kumi lazima apewe alama ya mwisho, hata kama wote kumi wamejituma. Anayeipata hufungasha virago. Shen Boqiao alikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao huko hakuna atakayekuajiri tena, na wenzake walishaanza kumwita mzee.

Ndipo akatupiwa lile tatizo ambalo kila mtu alilikwepa. Kompyuta arobaini zilikuwa zikigawana mafaili ili kuufundisha mfumo mmoja, na mfumo ukawa unatoa majibu ya kipumbavu. Wiki tatu Shen alihangaika, akila tambi zilizopoa huku wenzake wamejilaza kwenye vitanda vya kukunja kwa usingizi wa mchana. Mwishowe akagundua: kila kompyuta ilijipangia orodha ya mafaili kivyake kabla ya kuchukua fungu lake. Faili moja lilisomwa mara tano, jingine halikuguswa kabisa. Akaongeza neno moja kwenye mstari mmoja wa programu, orodha zote zikafuata mpangilio uleule, mambo yakanyooka.

Mstari wenyewe uliandikwa miaka minne nyuma na Lü Jingtang, ambaye sasa ni mkuu wa kitengo. Shen hakutaka kumwaibisha mbele za watu, basi kwenye ripoti akaandika tu kwamba chanzo ni cha zamani. Akajiona mwerevu, masikini.

"Kila kosa lazima liwe na mwenyewe," Lü alisema kikaoni. "Huyu Zamani ni mfanyakazi wa idara gani?"

Wakacheka.

"Ruolan, fungua huo mstari. Una jina la nani?"

Hifadhi ya programu za kampuni huonyesha kwanza jina la aliyeugusa mstari mara ya mwisho.

"Langu, Bosi," Shen alijibu. "Lakini mimi nimeurekebisha tu."

"Wiki tatu, neno moja. Mama yangu angekushinda, Mzee Shen, na hajui hata kuwasha kompyuta."

Jina la Lü, aliyeuandika, lilikuwa hapohapo kwenye historia ya mstari, ungebonyeza mara moja tu. Fang Ruolan, aliyefundishwa kazi na Shen mwenyewe, ndiye aliyeshika kipanya. Alilijua hilo. Alijua pia kwamba Shen akianguka, wale tisa wamepona. Akafunga ukurasa.

"Jina ulilolisahau, liongeze kwenye ripoti," Lü alisema kwa upole. "Uitume leo."

Shen akaongeza jina lake mwenyewe, na chini yake akaomba radhi kwa usumbufu.