Pua ya Mpima Krimu

Katika kiwanda cha siagi pale Nakuru, Kiprugut alimchukia mpima krimu kuanzia kofia hadi viatu. Kila asubuhi jamaa alivaa koti jeupe, akavunjavunja vidole, akapita debe hadi debe kama askofu anayebariki watoto. Alichovya kijiti, akanusa, akaonja, akatema mate karibu na buti za Kiprugut. "Namba moja!" aliimba, au "Namba tatu!", na mkulima akacheka au akalia. Kiprugut, mfungua vifuniko na mwosha matangi, aliamini kazi ya kupima ilikuwa yake kwa haki.

Julai, baridi ilipokaza, akagundua siri. Mpimaji alikuwa na mafua ya kufa mtu. Alichovya, akajifanya ananusa, kisha macho yakapanda polepole yakatua usoni pa Kiprugut. Kiprugut akikunja uso, namba tatu. Akitulia, namba moja. Wiki nzima bwana mkubwa wa kiwanda alikuwa akisifu pua ya kuazima!

Basi likaja debe kutoka Molo, limeoza mpaka nzi wanalikwepa. Kiprugut akazuia pumzi, akatabasamu kama bibi harusi.

"Namba moja!"

Likamiminwa kwenye tangi kubwa, juu ya krimu ya asubuhi nzima. Bwana mkubwa alikuja mbio, akamtukana mpimaji mpaka Kiprugut akasikia raha mwilini.

"Mwaga yote! Tangi lioshwe sasa hivi!"

Raha ikakatika. Mpimaji akachomoa hanchifu safi mfukoni, akamnyooshea Kiprugut.

"Shika, ndugu yangu, ujifunge pua. Mimi sisikii kitu."