Tulimsugua Salma singo kila siku ya miadi, kumbe tukiyaficha maradhi

Assalaamu alaykum wakuu, na wajukuu zangu mnaosoma kimyakimya.

Nianze na waliokuwepo, maana kisa bila ya majina ni porojo. Salma, binti yangu wa pili, ndiye aloumwa. Nasor, mdogo wake, ndiye alompa figo. Bi Ghanima ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye nyumba moja hapa Khuwair ya Kusini. Muznat ni mtoto wa Salma, bado yuko chekechea. Na Daktari Thuraya, wa ngozi, watu wao wametoka Tabora.

Nnayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Salma alipandikizwa figo la Nasor, alhamdulillahi likakubali. Lakini zile dawa za kuuzuia mwili usilikatae zinashusha kinga.

Baada ya muda akatokwa na vipele puani. Vikaenda mashavuni, mpaka masikioni. Juu ya kila kipele kijiiba cheupe, kigumu kama mwiba mdogo. Nyusi zikapukutika.

Muznat akimbusu mamake anaruka: "Mama, pua yako inachoma!"

Salma anacheka mbele ya mtoto, kisha anajifungia chumbani.

Mshona nguo wetu kule Hamriya kasema ukoma. Mimi hofu yangu ilikuwa figo. Madaktari wakigusagusa dawa zake, figo la mwanangu lisije likaharibika ndani ya mwanangu mwengine. Usiombe, wakuu.

Sasa n'sikilizeni.

Bi Ghanima kaja na singo yake toka Unguja: liwa, karafuu na maua, ya kusugulia mwili. Kwake yeye mtu hendi kwa daktari na uso mchafu, ni kuuvunjia heshima ukoo. Basi kila siku ya miadi anamkalisha Salma kwenye kibao, anamsugua mpaka vijiiba vyote ving'oke.

"Tulia weye! Watasema kwetu hakuna maji?"

Tukifika, daktari aliyekuwa akitupokea anaona uso mwekundu wenye vipele tu. Anaandika dawa ya chunusi. Tukirudi nyumbani, vinaota tena. Ikawa hivyo hivyo miezi.

Siku moja Bi Ghanima kenda Yiti kwenye posa. Hospitali wakapiga simu: nafasi imepatikana kwa daktari mwengine, njooni sasa hivi. Nasor akatupakia garini, Salma na uso wake vilevile.

Daktari Thuraya akatazama kwa kioo cha kukuzia. Akapitisha kidole.

"Mama, hivi vijiiba vimeanza leo?"

"Aa, vipo siku zote. Leo tu hatujavisugua."

"Mnavisugua?"

"Kila tukija kwenu. Kwa heshima."

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama yangu, mnatuletea sahani mshaiosha, kisha mnataka tujue mlikula nini!"

Akakata kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa. Majibu: virusi.

Akatueleza kwamba wengi wetu tunavyo toka utotoni, havitufanyi kitu. Ila kwa mwenye kinga ya chini, tena mara chache sana, vinaingia kwenye vishina vya vinyweleo, na ndipo panapoota mwiba badala ya unywele. Si ukoma, wala si hasadi.

Tiba ni mafuta ya kupaka, na dawa moja katika zile za kushusha kinga ipunguzwe, kwa amri ya daktari wa figo.

Nikauliza: "Na figo likikataa?"

Nasor akadakia: "Mama, figo n'shampa. Halina risiti, halirudi dukani. Apunguziwe."

Salma akampiga na mkoba.

Dawa ikapunguzwa, wakawa wanampima damu, na mimi kila yakingojwa majibu nnasoma Yaasin. Figo limetulia, kama halijasikia kitu. Uso ukalainika polepole. Nyusi zimerudi, nyembamba lakini zipo. Jana Muznat kamlalia mamake, pua kwa pua, mpaka kapitiwa na usingizi.

Nilojifunza, wakuu: maradhi yapelekeni kwa daktari kama yalivyo, uso utakoshwa mkirudi. Na mwenye figo la kupandikizwa asijipunguzie dawa mwenyewe kwa kusoma kisa changu.

Kuna alopatwa na haya? Aseme, tumsikie.

Na kama nimekosea jina au mpango, nirekebisheni. Nasor keshaanza, anadai ile ya risiti aliisema garini. Bi Ghanima naye anasema nyusi zimeota kwa mafuta yake ya nazi. Huyo mwacheni, msimrekebishe.