Viganja vya Ornella Chini ya Gunia

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ukungu bado umelala juu ya ziwa. Françoise amepiga magoti kwenye tope la bandari ya Bukavu, mgongo umeegemea gunia la maharage lililoshuka sasa hivi kutoka Minova. Mkanda wa kubebea umepita kwenye paji la uso. Hainuki. Anangoja.

Hapa hakuna mwanamke mbebaji anayesimama peke yake. Gunia humshinda mtu aliye magotini. Ni lazima mwenzako asimame nyuma, asukume kwa viganja viwili, ndipo nawe unyooshe magoti. Aliyekutwika leo, kesho utamtwika. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayethubutu kuivunja.

Nyuma ya Françoise amesimama bintiye, Ornella, mwenye miaka kumi na saba. Anaguna wimbo usio na maneno, macho yako kwenye fundo la gunia. Anasukuma. Mama anasimama. Wanawake watatu waliokuwa karibu wanasogea kando, kama watu wanaopisha moto.

"Banaogopa mikono yake," anasema Françoise, akianza kupanda ngazi za mawe. "Yangu njo iko michafu, lakini ile habaogopi."

Safari moja ya kupandisha gunia sokoni humpa faranga elfu mbili, akipata. Tangu vita, mashua zimepungua, na wabebaji wameongezeka.

Alizaliwa Nyantende, akaolewa mjini. Ornella alipofika miaka minne bila kuita mama wala baba, jamaa za mumewe walisema huyo ni ndoki, mtoto mchawi. Wakampeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungia siku tatu bila chakula wala maji.

"Alipotoka hakulia," anakumbuka. "Aliinama mu bassin ya kufulia, akakunywa maji ya sabuni. Nikasema, Bwana Yesu, ile maombi haiko yako."

Mumewe, Patrice, alikwenda kutafuta dhahabu, akatuma ujumbe kwamba hatarudi kama "ile kitu" ingali nyumbani. Haijaondoka, naye hajarudi. Shuleni nako walisema hawana benchi la wazimu.

Ni sista mmoja muuguzi aliyempa Françoise jina la jambo lenyewe: usonji, ambao kwa Kifaransa huitwa autisme. Si uchawi, wala hauambukizi.

"Aliniambia, 'Maman, kelele inamuumiza vile misumari inakuumiza weye.' Nikalia. Miaka yote ile nilikuwa naimba kwa nguvu ili anyamaze!"

Kabla ya hapo, akienda kazini, alimfunga kwenye mguu wa kitanda kwa mkanda huu huu wa kubebea, asije akakimbilia barabarani. Baada ya hapo alianza kushuka naye bandarini, akamkalisha kwenye jiwe, masikio yamefungwa kitambaa. Ornella akawa anatazama tu, msimu hadi msimu.

Siku moja Françoise alipiga magoti, akaita, hakuna aliyekuja. Kisha akasikia viganja nyuma yake.

"Nilifikiri ni Pascaline, mwenzangu wa kubeba. Nikasema, aksanti dada. Kufika juu, nageuka: ni mutoto yangu! Nilishindwa hata kutua muzigo."

Kwa muda mfupi wengine nao walimruhusu awatwike, wakamgawia ndizi au kipande cha sabuni. Kisha Rosette, mbebaji mwenzao, akateleza ngazini akavunjika mguu. Ornella ndiye aliyekuwa amemtwika.

"Mvua ilinyesha usiku nzima," anasema Françoise. "Siku ile tulianguka batu wengi. Lakini mwenye kuvunjika alitafutiwa mwenye kosa."

Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Pascaline, mwanamke mwenye kifua kipana na mdomo usiochoka. "Asiguse muzigo yangu! Mi niko na batoto sita, nani atabalisha?" Tangu hapo Ornella humtwika mama yake tu.

Na sasa goti la mama limevimba. Daktari amemwambia aache kubeba. Akiacha, Ornella atakuwa hana wa kumtwika, yaani hana kazi wala sababu ya kushuka bandarini. Atarudi kwenye mguu wa kitanda.

"Hiyo njo inanikosesha usingizi. Goti litazoea."

Mchana inafika mashua iliyochelewa kutoka Kalehe, imejaa kabichi. Wabebaji wanaigombea, wanapanda mbiombio. Pascaline anabaki nyuma, magotini, mkanda kichwani. "Munitwike! Batu baliisha bote?"

Françoise ameketi, goti limenyooshwa. Ornella yuko hatua chache kutoka kwa Pascaline. Hasogei, alishawahi kupigwa kofi kwa kusogea.

Pascaline anatazama ngazi. Anatazama mashua. Mwisho anamtazama Françoise.

"Na weye unaniangalia tu?"

"Goti, dada. Mwenye kuwa na nguvu ni huyo."

Mwenye mzigo anapiga kelele kutoka juu, kabichi zake zinachelewa.

"Basi akuje," anasema Pascaline, macho chini. "Aguse gunia. Asiniguse miye."

Ornella anakuja akiguna wimbo wake. Viganja viwili. Pascaline anasimama, anajikwaa kidogo, anafanya ishara ya msalaba, anapanda. Haanguki.

Anaporudi anatoa kiazi kitamu cha kuchemsha kwenye kanga, anakiweka juu ya jiwe, si mkononi mwa msichana, kisha anakwenda zake. Ornella anakiokota, anakimenya polepole.

Françoise hafurahi, wala hanung'uniki. Anavua mkanda kichwani na kuukunja. Alhamisi, siku ya mashua nyingi, hatashuka. Atabaki juu ya ngazi na rozari yake, amwache Ornella ashuke peke yake.

"Siombi bamupende," anasema, akikanda goti. "Kupenda ni ya Mungu. Naomba tu mumoja wao apige magoti, na akisikia mikono ya mutoto nyuma yake, asimame."