Nembo ya Kampuni Isiyokuwepo

Mtaani walimwita Mama Nembo, na jina lilimstahili. Kila ovaroli iliyovaliwa na mafundi wanaopanda minara ya kampuni ya simu ilipita kwanza chumbani kwake, ikadariziwa nembo kifuani kwa uzi wa bluu. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, na kitanda kilisukumwa ukutani ili nguo zipate nafasi. Watoto wake walisomeshwa na nembo hiyo.

Basi uvumi ukaingia mjini. Ilisemekana kampuni kubwa ya mitandao kutoka ng'ambo, ile ya rangi ya chungwa, imeikodolea macho kampuni ya simu na inataka kuimeza. Wengine wakasema haimezi, wanaungana. Wakubwa waliojua ukweli walikaa kimya, maana kimya chao kilikuwa na faida yake. Huku chini, watu ambao riziki zao zilikuwa zikipangwa waliachwa wapige ramli kwa simu zao za mkononi.

Mpiga ramli mkuu alikuwa shemeji yake Mama Nembo, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa kinyozi, na habari za mji mzima zilimfikia kabla hajamaliza kunyoa kichwa kimoja.

"Shemeji, unamdarizia marehemu," alisema akiangalia lundo la ovaroli.

"Marehemu gani tena?"

"Hiyo kampuni. Mwisho wa mwezi haipo. Wanaungana, na nembo mpya hii hapa." Akamwonyesha simu: duara la bluu limekumbatiana na la chungwa.

"Kaichora nani?"

"Iko mtandaoni."

"Nimekuuliza kaichora nani."

"Mtandaoni vitu havina mwenyewe, shemeji. Nisikilize. Wakishaungana, nguo watashonesha kwenye viwanda vyao huko. Lakini wakikuta wewe umeshaweka nembo mpya, nani atakuacha?"

Hapo alimshika pabaya. Mama Nembo hakuwahi kuogopa kazi. Alichoogopa ni kuikosa. Alilizunguka lile lundo tangu asubuhi hadi mchana, kisha akaenda dukani kununua uzi wa chungwa, akadarizi lote.

Alhamisi mtunza stoo wa kampuni alipita kuangalia kazi ilipofikia. Alishika ovaroli ya juu, akaitazama, akaigeuza kana kwamba maelezo yako mgongoni.

"Mama, hii kampuni gani?"

"Yenu. Mkishaungana."

"Tumeungana lini?"

Asubuhi ileile, alisema, kampuni zote mbili zilikuwa zimekanusha redioni. "Jumatatu mafundi wanagawiwa nguo. Zikiwa hivi siwezi kuzipokea, mama, na kazi itabidi apewe mwingine. Sipendi, lakini sina namna."

Kufumua darizi hakutaki haraka. Unaigeuza nguo ndani nje, unakata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, na mkono ukiteleza umetoboa kitambaa. Hadi Ijumaa jioni vidole vilimuuma na lundo halikuonekana kupungua.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa minara, na nyuma yake wenzake wamejaa ukumbini.

"Tumesikia umetuozesha, mama," alisema. "Tumekuja kuchukua talaka."

Wakakaa kitandani, sakafuni na mlangoni. Watu waliozoea kuning'inia angani wakimenya nyaya nyembamba walizishika zile nyuzi kama kazi ya kila siku. Shemeji naye akatokea, kichwa chini.

"Leo umeleta nini, habari?" Mama Nembo akamuuliza.

"Nyembe, shemeji. Pakiti nzima."

Alipowauliza mafundi kwa nini wamejisumbua siku yao ya mapumziko, msimamizi hakuinua macho. "Mifuko yetu huwa inashonwa mara mbili, na kampuni haijawahi kuagiza hivyo. Spana ikikuponyoka kule juu, inaua mtu chini. Ulidhani hatujui ni nani anayeirudia mifuko hiyo?"

Mama Nembo alijifanya anatafuta mkasi. Miaka yote hiyo aliamini hakuna aliyeona.

Jumapili alidarizi upya kwa uzi wa bluu, akaipanua nembo kidogo ili ifunike matundu ya sindano.

"Mbona imenenepa?" mtunza stoo aliuliza Jumatatu.

"Imepitia mengi."

Safari hii alicheka. Akazipakia zote, akarudi na gunia la ovaroli nyingine, akalitua kando ya cherehani.

Uvumi haukufa. Labda siku moja kampuni itamezwa kweli, na itaamuliwa kwenye meza ambayo Mama Nembo hataalikwa, wala hao waliofumua naye. Hilo linachoma. Lakini yeye siku ile hakuwa na nafasi ya kinyongo. Alimfuata mtunza stoo hadi kwenye gari, akashika mlango usifungwe.

"Wasalimie mafundi," alisema. "Waambie..."

Mtunza stoo akangoja.

"Waambie wapande salama."