Gari la Athman Lilipofuka Moshi

Kaltuma alirithi gereji ya marehemu babake hapa Shella, pamoja na ulimi mkali kuliko tupa. Tangu hapo kuna wanaume wanaopita kila siku kutazama kama atafunga.

Jana Athman alimletea gari lake la michezo, la kumbeba bwana arusi kesho. Joto la mabomba ya moshi lilikuwa likiyeyusha nyaya. Kaltuma aliuroweka majini utepe wa kuzuia joto, akauviringisha kwenye mabomba, akaubana kwa vibano vya chuma.

Leo alasiri akawasha injini. Moshi mweupe ukafoka chini ya boneti, utadhani bwana arusi mwenyewe anafukizwa udi humo ndani. Athman akairukia ndoo ya maji.

"Weka chini!" Kaltuma akamzuia. "Bomba la moto ukilimwagia maji litapasuka. Huo ni unyevu wa utepe unakauka tu."

"Bi Kaltuma, gari langu linaungua!"

"Likiungua, mdogo wangu, tutaungua nalo. Si nimesimama hapa?"

"Gereji ya mwanamke ndiyo hiyo yaisha," mmoja wa wale wanaume wapitao akasema mlangoni.

Mimi, msaidizi wake, nilikwisha kuchagua pa kukimbilia. Kaltuma hakusogea.

Moshi ukazidi. Kisha ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Injini ikanguruma vizuri.

Kaltuma akaichukua ile ndoo, akanawa uso polepole.

"Ahsante kwa maji," akamwambia Athman.