Nilimkana Mjukuu Wangu Kabla Hajazaliwa

Nilimkana mjukuu wangu mbele ya askari, baba yake akiwa bado tumboni mwangu. Anayetaka kucheka na acheke. Nimelibeba hili tangu usichana hadi leo meno yamekwisha, na sitaki kuingia nalo kaburini. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kweli, wallahi.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya. Serikali ilikuwa imetukusanya watu wa porini katika kijiji kilichozungushwa seng'enge, karibu na mto. Mume wangu, Guled, alishinda malishoni na ngamia wachache tuliobakiwa nao, mimi nikibaki na mama yake. Mimba yangu ilikuwa changa. Sikuwa nimemwambia mtu.

Asubuhi moja kijana alisimama mlangoni kwetu. Hakuna aliyemwona akipita langoni, na viatu vyake havikufanana na vya mtu yeyote. Mama mkwe akamuuliza yeye ni wa nani. Kwetu mtu hujibu kwa kutaja ukoo wake, baba hadi babu hadi babu wa babu. Akasema yeye ni Liban, wa Nuur, wa Guled. Hapo akakwama.

Mama mkwe alisikitika kuona kijana mzima hajui watu wake. Akamkalisha, akampa chai, akamtajia mababu, kisha mashangazi, kisha waliohamia Wajir na wasiorudi. Alimwona kama mtoto wa ukoo aliyepotea. Kijana alirudia kila jina huku machozi yakimtoka. Alisema nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama mkwe alipokwenda mtoni na wanawake wenzake, kijana alinifuata jikoni akaniita ayeeyo. Ayeeyo ni bibi, na mimi nilikuwa bado msichana! Akaniambia nina mimba, na nitazaa mvulana.

"Baba yangu hakuwahi kumwona baba yake," alisema. "Ngamia watapotea, babu atatoka kuwatafuta, na askari watampiga risasi. Nimetoka mbali, kutoka miaka ambayo bado hamjaifikia. Niache nimsubiri nimwambie mwenyewe."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Watu wangedhani nilimwona kichaa, lakini nilimwamini pale pale, na nikamchukia kana kwamba yeye ndiye aliyeshika bunduki.

Kabla ya jua kugeuka askari waliingia kukagua. Kijana hakuwa na kipande, kile kitambulisho kilichotakiwa kwa kila mwanamume. Katika mstari wetu ni mimi tu niliyejua Kiswahili, kwa kuwa baba yangu alikuwa na duka mjini, basi mkubwa wao akaniuliza mimi.

"Huyu ni wa kwenu?"

"Simjui," nikasema.

Walimsukuma kwenye lori. Hakunibishia. Alinitazama tu, akasema kwa Kisomali, "Mwambie babu asitoke."

Guled aliporudi jioni, mama yake aliuliza mgeni yuko wapi. Nikasema ameondoka mwenyewe. Sasa ningewezaje kumwambia Guled maneno ya kijana bila kusema nilimfanya nini? Nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba huenda ngamia wasipotee.

Wakapotea. Nilimshika mkono mume wangu nikamwomba asiende. Akauliza kwa nini. Nikasema ninaogopa tu. Akacheka, akasema katika kijiji hiki hakuna mke asiyeogopa.

Walimrudisha amefunikwa kikoi.

Nuur alizaliwa, bibi yake akampa jina hilo bila mimi kusema neno. Mama mkwe naye hakukaa sana. Akafa na majina yake yote. Nami sikumfundisha mwanangu hata moja, kwa sababu kila jina lilinirudisha kwenye lori lile. Nilimwambia tu kwamba baba yake alipigwa risasi akitafuta ngamia, asiulize zaidi. Alikua akiamini hatuna watu.

Kisha Nuur akapata mwana, akamwita Liban. Mimi nilikwepa kumbeba. Jamaa walidhani simpendi. Jamani, nilikuwa nikimwona akikua kuelekea uso ule!

Alisomea mitambo Nairobi. Likizo yake ya mwisho alikuja kuketi kando ya kitanda changu, akaniuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani na watu wake ni akina nani. Ningemwambia yote siku ile, ningemwomba asiende, labda angebaki. Niligeukia ukuta nikasema nimechoka.

Tangu hapo hajaonekana. Simu yake waliikuta chumbani kwake. Nuur alizunguka hospitali na vyumba vya maiti hadi miguu ikavimba, nami nilijua mwanawe alikokwenda.

Ramadhani iliyopita nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akavaa viatu. Chakula ananiletea mkewe. Yeye haingii kwangu tena, na simlaumu.

Wazee wenzangu, nawasihi. Mtoto akikuuliza habari za watu wake, mwambie, hata kama kwa kumwambia itabidi ujitaje mwenyewe. Msijidanganye kwamba mnamkinga. Mimi niliulizwa na askari, kisha nikaulizwa na mjukuu wangu mwenyewe, na mara zote mbili nilimfungia mlango mtoto yule yule.